Vipindi gani vilibadilisha runinga yenyewe? Nauliza kwa ajili ya kikundi changu cha maigizo

Mlezi_Makadara aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mlezi wa kikundi cha maigizo cha vijana upande wa Makadara. Tumezoea jukwaa: tamasha za drama, baraza la chifu, siku za kanisa. Mwaka huu vijana wameamua kuandika tamthilia yao wenyewe na kuiweka YouTube. Hadithi ni ya ploti moja ya vyumba kumi na viwili, choo kimoja, mita moja ya tokeni za stima inayogombaniwa kila wiki, na mwenye nyumba anayebisha hodi tarehe tano kabla jua halijatoka. Nimeisoma. Ina uhai.

Shida ilianza tulipokaa kuamua tutaipiga picha namna gani. Kila mmoja alikuja na anayoipenda. Mmoja Squid Game, mwingine Game of Thrones, wasichana wawili wakashikilia Money Heist, na kuna kijana mmoja ambaye ukitaja Breaking Bad anasimama kabisa. Tulibishana mpaka askari wa ukumbi akaja na funguo. Lakini wote walikuwa wanazungumzia walichokipenda, na mimi natafuta kitu kingine: vile vipindi ambavyo kabla yake runinga ilitengenezwa hivi, na baada yake ikatengenezwa vile. Hata kama ni vya zamani, hata kama picha haina rangi.

Naomba mnitajie na mniambie hasa ni nini kilibadilika. Orodha ya majina kumi bila maelezo haitanisaidia. Na kama kuna cha hapa kwetu, kitajeni bila haya, kwa sababu vijana hawa wamekua wakiamini kila kitu kikubwa kilianzia ng'ambo.

Kijana_wa_Buru alijibu:

Mlezi, mimi nasimama na The Sopranos, tamthilia ya kituo cha HBO cha Marekani, 1999. Kilichobadilika ni nani anayelipa. HBO haikuishi kwa matangazo ya sabuni, watazamaji walilipia kila mwezi. Kwa hiyo hapakuwa na mdhamini wa kuuliza kwa nini mhusika mkuu ni mtu mbaya.

Waonyeshe sehemu ya tano ya msimu wa kwanza. Tony, mhusika mkuu, bosi wa genge la mafia, anampeleka bintiye kutembelea vyuo. Njiani anamwona mtu aliyewasaliti wenzake kwa polisi miaka ya nyuma. Anamfuata, anamnyonga kwa waya, halafu anarudi kumchukua mtoto wake. Wakubwa wa kituo waliogopa watazamaji wangemkimbia Tony. David Chase, mtunzi wake, akakataa kubadilisha. Watazamaji wakabaki, na mlango ukawa wazi kwa wabaya wote waliofuata, akina Walter White wa Breaking Bad. Kijana wako wa Breaking Bad aanzie hapo.

Mhariri_Ngara alijibu:

Mlezi, hongera kwa kazi unayofanya na hao watoto. Mimi ni mhariri wa picha. Nimekata vichekesho na tamthilia za familia za stesheni za hapa Nairobi, na nikiketi mezani kukata kichekesho bado nafuata njia iliyowekwa mwaka 1951. Jibu langu ni I Love Lucy, kichekesho cha Marekani. Nivumilieni, hapa kuna mambo.

Wakati huo Marekani, vipindi vingi vikubwa vilitoka New York moja kwa moja hewani. Waliokuwa karibu waliona picha safi. Waliokuwa mbali walipata nakala iliyotengenezwa hivi: kamera ya filamu inaelekezwa kwenye skrini ya runinga, inapiga kinachoonekana pale, kisha ile filamu inasafirishwa hadi stesheni nyingine. Ni kama mtu akurekodie mechi kwa simu yake kutoka kwenye runinga ya hotelini. Nyuso zimefifia, pembe za picha zimekula giza.

Lucille Ball, ndiye Lucy mwenyewe, na mumewe Desi Arnaz aliyeigiza naye, walitakiwa wahamie New York. Walikataa, kwao kulikuwa Los Angeles. Wakasema: tutapiga hukuhuku California kwa filamu ya milimita 35, ile ya sinema, na kila stesheni nchini itapata nakala safi. Sawa. Lakini Lucy alihitaji watu wa kucheka mbele yake, na sinema haipigwi mbele ya watu. Kwenye sinema unampiga mmoja akisema, unasimamisha, unahamisha taa, unampiga mwenzake akijibu. Ni hadhira gani itakayocheka kichekesho kilekile mara ya nne?

Wakaweka kamera tatu za filamu, zikazunguka kwa pamoja, mchezo ukaigizwa mfululizo kama jukwaani. Kutumia kamera kadhaa hakukuwa kugeni kwa runinga ya moja kwa moja. Kilichokuwa kigumu ni kamera tatu za filamu mbele ya hadhira, na hapo ndipo taa zikawa tatizo. Taa inayompendeza mtu kwa kamera ya kati inamtia kivuli cha pua kwa kamera ya kulia. Wakamwita Karl Freund, mzee aliyekuwa mmoja wa wapiga picha wa filamu ya Metropolis kule Ujerumani miaka ya 1920. Freund alizitoa taa sakafuni akazitundika juu, mwanga ukasambaa sawasawa kwenye seti yote. Sakafu ikabaki tupu, kamera zikapata pa kutembea, na mwigizaji akaweza kusimama popote bila mtu kupiga kelele "simama, tubadilishe taa!" Ukiona sebule yoyote ya kichekesho cha runinga leo, mwanga wake wa sawasawa una asili pale.

Halafu ikaja zamu ya wenzangu wahariri. Filamu tatu za tukio moja, mtu mmoja wa kuzikata. Walitengenezewa mashine ya kuhariria yenye vichwa vitatu vya picha na kimoja cha sauti, ili mhariri aone kamera zote zikienda pamoja. Leo kompyuta yangu inanionyesha madirisha matatu kwenye skrini na nabonyeza moja, mbili, tatu. Kazi ni ileile. Na nitawapa vijana wako siri moja ambayo imo katika kila sehemu ya Lucy: neno la kuchekesha likishatoka, kicheko hakimo usoni mwa aliyelisema. Kimo usoni mwa aliyelisikia. Angalieni lile tukio la kiwanda cha chokoleti, Lucy na rafiki yake Ethel mbele ya mkanda unaoleta chokoleti za kufunga. Mkanda unaongeza kasi, wanaanza kuzificha kofiani, kifuani, mdomoni. Mashine haichekeshi mtu. Tazameni macho ya Lucy yakiuona mkanda unakuja. Mkiwa na sura moja tu ya kukumbuka mezani, ikumbukeni hiyo.

Bado sijafika kwenye lililo kubwa zaidi. Filamu ilikuwa na gharama, na Desi na Lucy walikubali kupunguziwa malipo ili wapige kwa njia hiyo. Badala yake wakapata umiliki wa filamu zenyewe. Wengi waliona ni biashara ya kijinga, nani atataka kutazama kipindi kilichokwisha kuonyeshwa? Kisha Lucy akapata mimba. Akaingizwa hadithini na mimba yake, na usiku wa tarehe 19 Januari 1953, siku ileile aliyojifungua mwanawe wa kweli, Wamarekani wapatao milioni 44 walitazama Lucy wa runingani akijifungua. Alipokuwa mapumzikoni vipindi vya zamani vikarudiwa, na watu wakavitazama tena. Biashara nzima ya marudio ilipata nguvu hapo. Mwaka 1957 kampuni yao, Desilu, ilikuwa na uwezo wa kununua studio za filamu za RKO, na baadaye ndiyo iliyoanzisha Star Trek.

Hili linaniuma kwa sababu ya kazi yangu. Kuna kichekesho nilichokata hapa mjini, siitaji stesheni. Waigizaji walilipwa kwa siku ya kupiga, mimi nikalipwa kwa kila sehemu ya kipindi, karatasi tukatia sahihi haraka haraka kwenye boneti ya gari. Kipindi hicho kimerudiwa alasiri mpaka watoto wa jirani wanajua maneno kwa moyo. Mwigizaji mmoja niliyemkata akichekesha nchi nzima alikuja kuniomba nauli akiwa na kipindi hewani siku hiyohiyo. Kwa hiyo Mlezi, kabla hamjawasha simu hata moja, ketini na vijana muandike nani anamiliki nini: aliyeandika, aliyeigiza, aliyepiga, aliyekata. Iandikwe mapema, wakati bado mnapendana.

Nikiruhusiwa cha pili, ni Hill Street Blues ya 1981, na hiki nakileta kwa sababu ya ile ploti yenu. Kabla yake tamthilia ya polisi ilikuwa kesi moja: inafunguliwa, inafungwa, kwaheri. Hill Street ilijaza kituo cha polisi watu zaidi ya kumi, kila mmoja na shida yake, hadithi nne tano zikipishana, nyingine zikivuka hadi wiki zijazo. Kamera ilibebwa mkononi, watu walipita mbele yake, mazungumzo yaliingiliana. Mwanzoni watazamaji walikuwa wachache, lakini tuzo zikamiminika na kituo hakikuifuta. Vyumba kumi na viwili haviwezi kusimuliwa kwa njia ya kesi moja. Waonyeshe ule mkutano wa asubuhi unaofungua karibu kila sehemu, askari wote chumba kimoja wakipangiwa kazi. Ninyi mnao wa kwenu tayari: foleni ya choo alfajiri.

Shangazi_South_B alijibu:

Naona safari yote imeishia Marekani. Niruhusuni nipitie Peru na Mexico, nitarudi Nairobi.

Mwaka 1969 runinga ya Peru ilianza kuonyesha Simplemente María. Msichana anatoka milimani, anaenda Lima kuwa mfanyakazi wa nyumbani, anajifunza kusoma jioni, anajifunza kushona kwa cherehani, mwishowe anakuwa mbunifu wa mavazi. Basi. Lakini wasichana waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani walianza kujiandikisha masomo ya jioni na ya ushonaji, cherehani zikatafutwa, na siku ya kupiga harusi ya María maelfu walifika kanisani wakiwa wamevalia kama walioalikwa. Hakuna aliyepanga mambo hayo.

Huko Mexico kulikuwa na mtayarishaji, Miguel Sabido, aliyeyatazama na kujiuliza: je, mtu akiyapanga? Akachambua ni nini hasa kiliwagusa watu. Aliona kwamba mtazamaji hafuati mhusika mwema aliyekwisha kuokoka. Anafuata yule wa katikati, anayesitasita, anayekosea, anayejaribu tena. Mwaka 1975 akatoa Ven conmigo, kuhusu watu wazima wanaojifunza kusoma, na baada yake nyingine kuhusu uzazi wa mpango.

Sasa tulete nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alikuwa na wastani wa karibu watoto 8. Mwaka 1987 njia hiyo ya Sabido ilifika hapa: Ushikwapo Shikamana kwenye redio, na Tushauriane kwenye runinga ya Sauti ya Kenya, stesheni ya taifa ya wakati huo. Mlezi, vijana wako waambie hivyo. Tamthilia ya Kiswahili, waigizaji wetu, jikoni kwetu, ikizungumza idadi ya watoto mbele ya baba, mama na bibi waliokaa sebule moja.

Mimi nilikuwa msichana mdogo mtaa wa Bahati. Runinga ilikuwa kwa jirani, watoto tunakaa sakafuni, wanawake kwenye viti, wanaume wamesimama mlangoni kana kwamba wanapita tu. Kipindi kikiisha, hakuna aliyeondoka. Mama yangu, ambaye hakuwahi kutaja mambo ya uzazi mbele ya mwanamume yeyote, alisema kwa sauti, "Lakini yule mke ana haki." Ikafuata zogo la saa nzima, baba yangu akiwemo. Mazungumzo yale hayakuwahi kuanzishwa na daktari wala mchungaji.

Makutano Junction, tamthilia ya hapa iliyokuja baadaye, ilifuata njia ya namna hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa ploti yenu: nani ni mhusika wa katikati? Mwenye nyumba mkali tunamjua, mama mwema wa chumba namba moja tunamjua. Tafuteni yule anayeiba tokeni leo na kesho anawapikia watoto wa jirani.

Mzee_wa_Jericho alijibu:

Wanangu mmenena vizuri. Mimi naongeza ya kwetu, kwa ufupi.

Vioja Mahakamani. Vijana wanaiona ya kizamani, lakini itazameni kwa jicho la mtu asiye na pesa. Seti ni chumba kimoja: kizimba, meza ya hakimu, meza ya kiongozi wa mashtaka. Shtaka linasomwa, na ndani ya dakika moja hata aliyetoka jikoni amechelewa anajua nani anadaiwa nini. Wiki ijayo kesi mpya, chumba kilekile. Na kizimbani anapanda Makokha, anapanda Ondiek Nyuka Kwota, anapanda Otoyo, kila mmoja na Kiswahili chake kilichobeba lafudhi ya kwao. Shuleni tulichapwa kwa Kiswahili hicho. Kwenye runinga ya taifa kikapewa kizimba kizima na hakimu wa kukisikiliza.

La pili ni Redykyulass, kikundi cha wachekeshaji: Walter Mong'are tunayemwita Nyambane, John Kiarie, na Tony Njuguna. Mwenye umri wangu anakumbuka taarifa ya habari ilivyofunguliwa na Rais kila jioni, ameenda wapi, amesema nini. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 kijana anasimama na sauti ya Moi, Moi mwenyewe akiwa bado Ikulu, na watu wanacheka. Usiku ule wa kwanza nilipunguza sauti ya runinga kwa kuhofia aliye nje ya dirisha. Bila wao sidhani kama mwaka 2009 mchora katuni Gado na wenzake wangeweza kuleta XYZ kwenye runinga ya Citizen, wakuu wa nchi wakiwa vikaragosi vya mpira. Umbo lile lilitokana na kipindi cha Ufaransa, Les Guignols de l'info, lakini ujasiri wake ulikuwa umekwisha kulipiwa hapa.

Roots ya 1977, tamthilia ya Marekani kuhusu utumwa, pia muitafute. Usiku nane mfululizo, badala ya mara moja kwa wiki, na nchi nzima ikasimama kumtazama Kunta Kinte, yule Mwafrika aliyeuzwa utumwani. Sisi tuliipata kwa kanda za video zilizopitishwa nyumba hadi nyumba.

Mlezi_Makadara alijibu:

Asanteni sana. Mzee shikamoo. Nimesoma yote kwa sauti mbele ya kikundi Jumamosi, na kwa mara ya kwanza walinyamaza.

Tumeamua hivi. Tutaanza na chokoleti za Lucy, kisha sehemu yoyote ya Vioja tutakayoipata, kisha ule mkutano wa asubuhi wa Hill Street. Sopranos nitaitazama kwanza mwenyewe, wengine wako kidato cha pili. Shangazi, mhusika wa katikati amepatikana: ni caretaker, mwangalizi wa ploti. Anaishi chumba cha bure karibu na lango, kwa hiyo anamwogopa mwenye nyumba na anawahurumia wapangaji, na tokeni anazinunua yeye. Mwandishi wetu ameanza kuandika upya tangu juzi. Na karatasi ya umiliki tumeiandika, majina yote, mbele ya wazazi wawili.

Swali kwa Mhariri. Tuna simu mbili nzuri, taa za mrija za ukumbini, na maikrofoni moja ndogo ya waya. Je, tunaweza kupiga kwa njia ya Lucy, mfululizo, mbele ya watu?

Mhariri_Ngara alijibu:

Mnaweza. Watu muwaalike kabisa, waigizaji wenu wamezoea jukwaa na bila watu watapoa.

Simu zote mbili ziwekeni fremu 25 kwa sekunde, na spidi ya shata, yaani muda ambao jicho la kamera hufunguka kwa kila picha, 1/50 ya sekunde. Stima yetu ni ya hezi 50, na mkiziacha simu zijiamulie, zile taa za mrija zitawayumbisha picha, michirizi ya giza ikipanda na kushuka ukutani. Mpangilio wa mwanga na wa fokasi ufungwe kwenye simu zote usijibadilishe, la sivyo mtu mwenye shati jeupe akipita, chumba kizima kitaingia giza. Bandikeni utepe wa karatasi pembeni mwa skrini za wapigaji ili wasikate vichwa vya watu.

Simu ya kwanza ikae katikati, kwenye stendi, ione ploti nzima, isiguswe mpaka mwisho. Ya pili ishikwe na kijana mwenye sikio zuri kuliko wote, si mwenye mkono mzuri. Kazi yake ni kumtafuta anayesikia. Maikrofoni itundikeni juu katikati, karibu na vichwa iwezekanavyo bila kuonekana. Kabla ya kuanza, mtu mmoja apige kofi moja kubwa mbele ya simu zote mbili, hapo ndipo mimi au yeyote atakayekata ataunganishia sauti na picha.

Igizeni tukio lote mara mbili. Mara ya kwanza mbele ya watu, hicho ndicho kicheko chenu cha kweli. Mara ya pili watu wakiwa wameondoka, simu ya pili ihamie upande wa pili wa seti, na hapo mtakuwa na kamera yenu ya tatu. Waambieni waigizaji waache pengo palepale watu walipocheka, wahesabu kimoyomoyo kabla ya kusema neno linalofuata, kwa sababu wakilikimbilia, picha hizo mbili hazitashonana. Mkimaliza, nakili kila kitu kwenye diski mbili kabla simu haijaondoka ukumbini, na moja ikae kwako.